Risasi ya kuwindia: kabla ya kuuliza bunduki, angalia kichwa kimeundwaje

Jamani nianze na sheria ndio tuelewane. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977 na mpaka leo haujafunguliwa, kwa hivo haya nayoandika si ya mtu kuingia nayo Arabuko Sokoke wala kule Galana kutafuta paa, ukikamatwa hukumu yake ni nzito na ni haki yako. Haya ni ya nyinyi vijana wa Malindi na Lamu mnaovuka kwenda Tanzania kufanya kazi kwenye vitalu vya uwindaji, kule ambako kuna leseni na kuna askari wa wanyamapori anafuatana na mgeni aliyekuja kuwinda, nyinyi mnaochuna, mnaofuata nyayo, mnaoendesha gari, mnaobeba bunduki ya pili. Na pia wale mnaokaa na Wataliano hapa mjini ambao wengine wao hushuka kuwinda huko, mnasikia wakibishana kuhusu risasi mnaitikia tu.

Kila mtu huuliza bunduki gani kali. Kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu kwa inchi, ina maana yake sikatai, lakini mimi nimechuna wanyama na kile ninachokiona nikifungua kifua si kaliba, ni kazi ya kile kichwa kidogo kilichoingia ndani. Bunduki mbili za kaliba moja, mnyama wa aina moja, pigo la mahali pamoja, mmoja ameanguka hatua chache na mwengine tumemfuata mpaka magharibi, tofauti ni kwamba kichwa cha kwanza kimechanua na kimepita na cha pili kimevunjikavunjika kwenye bega hata mapafu hakikuyafika.

Tuweke majina sawa kwanza. Risasi nzima ina ganda la shaba ya njano, fataki kule nyuma, baruti ndani, na kichwa mbele, na kinachoruka ni kichwa peke yake, ganda linabaki. Uzito wa kichwa huandikwa kwenye boksi kwa greni, gramu moja ni greni 15.4 hivi, kwa hivo ukiona 180 jua ni gramu 11.7. Kichwa cha kawaida ndani yake ni madini ya risasi, yale yale ya chubwi za mishipi yetu, laini, kisu kinakata, na juu kimevikwa koti jembamba la shaba nyekundu ili kisiyeyuke na kujipaka kwenye mtutu. Wakiacha ncha wazi, madini yanaonekana, hiyo ndio softi. Wakifunika mbele kote ni risasi ya kivita, ile ya jeshi.

Mnyama hafi kwa kelele wala kwa kusukumwa. Anakufa kwa sababu moyo au mapafu yametobolewa, damu imemwagika ndani, ubongo umekosa hewa, ama kwa kupigwa ubongo wenyewe au uti wa mgongo. Kwa hivo kichwa kinatakiwa kifanye mambo mawili yanayovutana, kichanue ili tundu liwe pana, na kiende mbali ili kifike ndani. Kikichanua sana kinasimama mapema. Kisipochanua kinapita moja kwa moja kinaacha kitundu chembamba na mnyama anatembea nacho masaa. Ufundi wote wa hawa watengenezaji kwa zaidi ya miaka mia ni kutafuta mahali pa katikati, na hapo katikati pa swala pala si hapo pa nyati, ndio maana hakuna risasi moja ya kila kitu hata muuzaji akuapie.

Sasa kitu ambacho watu wengi hawakipi uzito ni mwendo wa kichwa wakati kinapomfika mnyama, si wakati kinapotoka mtutuni. Chukua .30-06, bunduki ya tangu 1906 na bado utaikuta kambini, mwandishi Mmarekani Hemingway alipokuja kuwinda Tanganyika kabla hajateremka hapa Malindi kuvua samaki 1934 alikuwa na Springfield ya kaliba hiyo. Kichwa chake cha greni 180 kinatoka kwa mita kama 820 kwa sekunde, kikifika mita 300 kimeshuka kwenye 650 au chini. Kichwa kile kile kikikutana na mnyama kwenye mita 30 kichakani kina nguvu nyingi mno, kinachanua kwa ghafla, na kama koti lake ni jembamba kinapasuka kama embe lililoiva likirushwa ukutani. Na hizi magnamu, yaani zenye baruti nyingi na mwendo mkubwa, .300 inatoa mita 900 kwa sekunde, mgeni anadhani ameongeza nguvu kumbe kwa kichwa laini amejiongezea hatari ya kutofika ndani. Kadri mwendo unavyokuwa mkubwa na masafa mafupi ndivo unavyotaka kichwa kigumu. Masafa marefu mwendo ukiwa umekufa, hapo ndio unataka kinachofunguka kirahisi. Hili mlishike manake kila nitakalosema hapa chini linarudi hapo.

Softi za kawaida, koti na madini basi, ndizo za bei nafuu na kwa wanyama wa wastani zinafanya kazi nzuri sana wala msizidharau. Core-Lokt ya Remington iko sokoni tangu 1939, koti lake limefanywa nene kule katikati ili lishike madini yasichomoke. Hornady wana InterLock, ndani ya koti kuna pete inayouma madini. Ubaya wake ni kwamba hupoteza uzito, ukikuta kichwa chini ya ngozi upande wa pili unaweza kupima ukakuta kimebaki nusu tu, ile nusu nyengine imetawanyika kwenye nyama vipande vipande. Kwa swala pala wa kilo 60 haina neno. Kwa pofu dume anayeweza kukaribia kilo 900 ni jambo jengine kabisa.

Hapa nitakaa kidogo manake hiki kisa mtakisikia kambini na wengi hukisimulia vibaya. Mwaka 1946 Mmarekani mmoja, John Nosler, alikuwa anawinda mnyama mkubwa wa nchi za baridi anayeitwa moose kule British Columbia, Canada, na .300 H&H ambayo ni bunduki ya mwendo mkubwa. Mnyama alikuwa amejigaragaza kwenye tope, tope limekauka juu ya ngozi, na vichwa vya risasi zake vilikuwa vinapasukia pale juu juu bila kuingia ndani. Akarudi nyumbani akaunda kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, mbele kuna madini na nyuma kuna madini, ukuta unawatenga. Mbele kunachanua na hata kukivunjika chote, nyuma kunabaki kizima kinaendelea kusukuma mpaka ndani. Kampuni ilianza 1948 na kichwa hicho, Partition, bado kinauzwa. Mimi nikikikuta kwenye nyama nakijua hata kabla sijakisafisha, mbele kumeliwa, nyuma kuna kigogo kizima. Angalieni alichofanya, hakununua bunduki kubwa zaidi, alibadilisha kilichomo ndani ya kichwa.

Baada ya hapo wakaja na vichwa vya kuchomelewa, yaani madini yameyeyushiwa kwenye koti yakashikana, hayawezi kutoka hata koti likifunguka. Swift A-Frame ina ukuta wa katikati na mbele kumechomelewa pia, Woodleigh za Australia zinapendwa sana na wawindaji bingwa wa nyati, Trophy Bonded nayo ni ya ukoo huo. Hizi unakuta zimebaki na asilimia 80 au 90 ya uzito na zimechanua vizuri mpaka karibu mara mbili ya upana wake. Mtu akiniuliza achukue nini kama atabeba aina moja tu kwa safari ya wanyama mchanganyiko, kuanzia swala mpaka pofu, mimi namwambia ya kuchomelewa, inasamehe. Ikigonga mfupa wa bega inapita, ikigonga mbavu bado inafunguka.

Halafu za shaba tupu. Barnes walianza kuuza yao 1989, hamna madini ya risasi ndani hata chembe, ni kipande kimoja cha shaba nyekundu chenye tundu mbele, kikiingia kwenye nyama yenye maji lile tundu linajaa na mbele kunapasuka kuwa petali nne zinazokunjika nyuma. Uzito unabaki karibu wote na kinapita ndani kupita kiasi, saa zingine swala kapigwa kifuani kichwa kikatokea pajani. Ila zina tabia zake. Kwanza shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hivo kichwa cha uzito ule ule kinakuwa kirefu zaidi, na mtutu ambao mifereji yake ya ndani inakizungusha kichwa pole pole hauwezi kukituliza angani, ndio maana aliyezoea greni 180 anashauriwa ashuke kwenye 165 au hata 150, na asiogope, manake kizito kinachopoteza nusu kinaishia kuwa chepesi kuliko chepesi kinachobaki kizima. Pili zinataka mwendo, chini ya mita 550 au 600 kwa sekunde nyingi hazifunguki sawasawa, petali zinabaki zimefumba na unapata tundu la penseli. Kwa hivo mgeni wa shaba tupu asifikirie kupiga mbali sana. Na tatu, asafishe mtutu vizuri kabla ya kuhama kwenda kwenye shaba, na alenge upya, usahihi hautakuwa ule wa jana.

Zile zenye ncha ya plastiki nyekundu au buluu, watu hudhani ni ya urembo. Ncha inakata upepo, na ikigonga inarudi nyuma inalazimisha mbele kufunguka, kwa hivo kwa masafa marefu ni nzuri. Lakini ncha peke yake haikwambii nyuma yake kuna nini, iko kwenye softi nyembamba, iko kwenye za kuchomelewa, iko kwenye shaba tupu. Soma boksi. Usinunue rangi.

Mbili za kukataa kabisa. Za mashindano ya shabaha, hata kama zina kitundu mbele, hazikuundwa kuchanua, saa zingine zinapita kimya saa zingine zinapasuka, huwezi kuzitegemea na watengenezaji wenyewe wanasema si za mawindo. Na zile za kijeshi zenye koti zima. Mkutano wa Hague wa 1899 ulikataza risasi za kuchanua vitani, baada ya zile zilizotengenezwa Dum Dum karibu na Calcutta, kwa sababu zinaumiza binadamu vibaya mno. Mawindoni hesabu inageuka, mnyama unataka afe haraka asiteseke, kwa hivo ile iliyokatazwa vitani ndio ya huruma porini, na ile ya vitani porini ni ukatili mtupu, anatembea na kitundu mpaka fisi wamkute.

Solidi ni habari nyengine, usizichanganye na za jeshi. Solidi ya sasa ni shaba au shaba ya njano ngumu tupu, haichanui kwa makusudi, kazi yake ni kwenda moja kwa moja kupita mifupa. Ndovu fuvu lake ni mfupa mnene wenye vyumba vyumba na ubongo uko nyuma ndani kabisa, kichwa chochote cha kuchanua hakifiki. Zamani solidi zilikuwa na ncha ya duara, siku hizi nyingi zina ncha bapa manake bapa inashika njia iliyonyooka vizuri zaidi, yenye ncha kali nyuma ni nzito kuliko mbele kwa hivo ikiingia kwenye nyama inataka kugeuka. Mtasikia habari za Bell wa Karamoja, aliyepiga ndovu zaidi ya elfu, wengi kwa .275 ndogo, ni kweli, lakini alitumia vichwa vizito vya koti zima la greni 173 vyenye ncha ya duara, na alijua ubongo uko wapi kwa kila upande. Leo nchi nyingi za uwindaji zinadai si chini ya .375 kwa wanyama hatari.

Na wala haya mambo ya ncha si mageni kwenye ardhi yetu. Wawaata huku nyuma ya Malindi walikuwa wakiangusha ndovu kwa upinde, upinde ambao kuuvuta unataka nguvu ya zaidi ya kilo 45, na ncha ya mshale ilikuwa nyembamba ili ipenye, nyuma ya ncha ndio sumu ya mutsungu imepakwa na kufungwa isikauke. Kazi ya mshale ilikuwa kupenya tu, kuua ni kazi ya sumu. Walitenganisha kupenya na kuua kwa akili kabisa.

Basi kwa mnyama kwa mnyama. Dikidiki na paa wadogo, kilo 5 mpaka chache zaidi, softi ya kupasuka inawaharibu hakuna nyama inayobaki, hapa ndio solidi ndogo au kichwa kigumu chenye mwendo wa pole kinafaa, kinatoboa kinatoka. Swala pala, ngiri, softi yoyote njema. Nyumbu, kongoni na pundamilia msiwadanganyikie, nyumbu hasa ana roho ngumu, mpe ya kuchomelewa au Partition. Pofu vivyo hivyo na uzito uongezeke. Chui na simba ngozi ni nyembamba na mifupa myepesi, unataka kinachochanua haraka, softi inayofunguka, manake simba aliyetobolewa kidogo anarudi kukutafuta wewe. Nyati dume wa kilo 700 na zaidi, .375 yenye greni 300 ya kuchomelewa kwa pigo la kwanza, greni 500 kwa wenye .458, na ya pili mpaka mwisho wengi huweka solidi kwa sababu atakuwa anakimbia amekupa mgongo na kichwa kinatakiwa kisafiri mwili mzima kifike kifuani. Lakini solidi kwenye kundi ni balaa, inapita wa kwanza inampiga wa nyuma, na huyo wa nyuma hana leseni. Nyinyi wafuata nyayo ndio mnaoona aliyesimama nyuma, semeni kabla mgeni hajabana kifyatuo, mwindaji bingwa, yule anayemuongoza mgeni, akiwa na akili atakushukuru.

Sasa kazi ya mchunaji, manake hapa ndio shule ilipo. Ukifungua mnyama usitupe tu. Angalia tundu la kuingilia, halafu fuata njia kwa vidole mpaka mwisho. Njia pana tangu juu halafu inakatika, kichwa kimepasuka mapema. Njia nyembamba mwanzo mwisho, hakikuchanua. Nyembamba kidogo, halafu inapanuka kwenye mapafu, halafu inatoka upande wa pili, hiyo ndio kazi njema. Ukikipata kichwa chini ya ngozi kioshe, kipime, kwenye kambi nyingi kuna mizani ya baruti au ndogo kama ya sonara, gramu 11.7 ikibaki 7 ni asilimia 60, mwambie mwindaji bingwa, atajua kesho abadilishe au la. Na kabla ya kuchuna damu yenyewe njiani inasema. Ya waridi yenye povu ni mapafu, hayuko mbali. Nyeusi nzito ni ini, pole pole. Yenye majani na harufu ni tumbo, hapo muundo wa kichwa haukusaidii, kaeni chini msubiri masaa kabla ya kufuata.

Kuna hii ya nyama kuliwa. Softi zinazovunjika zinaacha chembe za madini ya risasi mbali na njia ya jeraha, nyengine ndogo huzioni kwa macho wala hazikwaruzi jino, na madini haya ni sumu hasa kwa watoto na mama mjamzito. California wamekataza kabisa risasi za madini hayo kwa uwindaji tangu Julai 2019, sana sana kwa ajili ya tai wanaokula mabaki. Kwa hivo kata nyama yote iliyovilia damu, ongeza upana wa kiganja pande zote, usimpe mbwa, fukia. Mgeni akiwa na shaba tupu nyama inapona zaidi, nami napendelea wageni wa hivo kwa sababu hiyo hiyo, manake nyama inashuka mpaka kijijini inaliwa na watoto wa watu.

Waislamu wenzangu mnajua tena, mnyama akianguka tunakimbilia kisu tumchinje kabla hajakata roho, na wanazuoni wana maneno yao kuhusu aliyekufa kwa risasi yenyewe, muulize ustadhi wako kabla hujasafiri. Ninachotaka kusema mimi ni hiki, usikimbie mpaka mwindaji bingwa akupe ruhusa. Ukimkaribia pita nyuma yake, gusa jicho kwa fimbo ndefu kwanza, asipopepesa ndio usogee, na kwa nyati subiri pigo la mwisho la solidi hata kama amelala kimya.

Mgeni akifika kambini mwambie alenge na boksi lile lile atakalowindia, si la mazoezi la bei rahisi, vichwa viwili vya uzito mmoja lakini muundo tofauti vinapiga mahali tofauti kwenye karatasi. Asichanganye aina kwenye magazini isipokuwa ule mpango wa softi kwanza solidi baadae, na huo pia aujaribu kwenye shabaha aone kama zote zinapiga pamoja.

Na msimu ukiisha kabla hujapanda basi la kurudi, geuza mifuko yote ya koti na begi. Risasi moja tu nzima iliyosahaulika mfukoni ukifika nayo mpakani Horohoro na Lunga Lunga ni kesi, huna cheti cha silaha, na hakuna atakayetaka kusikia kwamba ulikuwa unabebea mgeni. Zirudishe zote kwa mwenyewe zihesabiwe mbele yako, na vile vichwa ulivyotoa kwenye nyama viache huko huko kambini.